Nani Aliniambia?

Ng'ambo ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Kila asubuhi ndugu watatu wa kwenye filamu walipanda ngazi wakiwa wamebeba makoti mazito mikononi, wakafika ng'ambo wakihema, wakavaa makoti, wakaanza kutetemeka kwa amri ya dairekta. Jasho liliwashuka mpaka kwenye soksi. Msichana wa vipodozi alikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuwakausha ili waonekane wameganda kwa baridi.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kwenda ng'ambo yenyewe, kwa ndege. Mpango ukabadilika, kama wa wengi wanaopanga kwenda ng'ambo. Wakakodi jengo la ofisi lililokuwa tupu. Korido moja ikawa uwanja wa ndege, chumba cha mikutano kikawa hoteli, korido ya pili ikapakwa rangi ya kijani ikawa hospitali. Dirishani wakabandika picha ya theluji. Upepo ukija, theluji ilibanduka upande mmoja na nyuma yake zikaonekana nguo za watu zimeanikwa.

Filamu ilihusu ndugu waliokosana kwa miaka mingi, ambao inawabidi wasafiri pamoja kwenda kumwona baba yao aliyelazwa katika nchi ya mbali. Kaka mkubwa na dada wa kati hawasemeshani. Mdogo wao ni kiziwi. Katika maandishi ya mwanzo, kiziwi huyo hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kutabasamu dirishani, kushika mkono wa kaka na mkono wa dada na kuiunganisha, kisha mwishoni kulia. Ungemtoa yeye ukaweka mbwa mpole, hadithi isingeyumba.

Nafasi hiyo alipewa kwanza kijana anayesikia vizuri kabisa, aliyejifunza lugha ya alama kwenye simu. Kipande kifupi kikasambazwa kuitangaza filamu, viziwi wakakiona, wakawaka. Kwa maelezo yao, pale ambapo kijana alitakiwa kumwambia baba yake kwamba anampenda, alikuwa akizungumzia ndoo. Wafadhili wakapata habari, wakamtuma mama mmoja mwenye miwani mikubwa aje ahakikishe kila mtu kwenye filamu anawakilishwa na mwenzake wa kweli. Alikuwa mama mwenye nia njema, na nia hiyo aliibeba toka asubuhi mpaka jioni bila kuitua. Neno lake lilikuwa uwakilishi. Alilitumia kabla ya chai na baada ya chai. Mafundi wa taa wakambatiza Bi Uwakilishi, na mwishowe hata yeye akawa anaitika.

Huyo ndiye aliyemwona Fundi.

Fundi hakuja kuigiza. Alikuja kutengeneza kochi la hoteli, lililokuwa limepasuka na kutoa sponji nje. Alikuwa fundi wa makochi, kiziwi tangu utotoni, na siku hiyo alikuwa akigombana kwa mikono na mtunza stoo kuhusu kitambaa. Mtunza stoo hakujua alama hata moja, lakini alielewa vizuri kwamba anatukanwa. Bi Uwakilishi akasimama mlangoni, mkono kifuani. "Ndiye," akasema. Kochi mpaka leo halijamalizwa.

Sasa akatafutwa mtu wa kumtafsiria. Mkalimani akapigiwa simu, akaambiwa kuna mwigizaji kiziwi, akapanda ngazi, akafika ng'ambo akihema kama wenzake, na akamkuta mdogo wake wa tumbo moja ameketi juu ya kochi bovu anapakwa poda.

Walikuwa hawasemeshani tangu mama yao afariki, mwaka wa saba huo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Jamaa wa ukoo wao walikuwa wamelima mpaka migongo ikawauma, na hakuna aliyevuna hata mchicha.

Wakalimani wana miiko yao. Mmojawapo ni kwamba humtafsirii ndugu yako. Ukiona ni ndugu, unasema, anatafutwa mwingine. Mkalimani akafungua mdomo aseme. Fundi akamtangulia kwa mikono. Hakumtazama yeye, alimtazama Bi Uwakilishi, na alichosema ikabidi dada yake, kwa kuwa ndiye mkalimani, akitoe kwa sauti.

"Huyu atafaa," akasema Mkalimani. "Ni mkalimani tu."

Lile "tu" Fundi alilifanya kwa vidole viwili, kama anayepangusa makombo mezani. Mkalimani akalitafsiri nalo, kisha akabaki. Alijua anavunja mwiko, na alijua kwa nini. Kiziwi anaweza kumsusia dada yake maisha yote, lakini hawezi kumnyima macho mkalimani na bado akapata habari. Kwa kazi hii, mdogo wake angelazimika kumtazama kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alimpenda yule mtu, na alikuwa amechoka kumpenda kwa mbali.

Kitu kimoja tu alikitaka, na kilikuwa kidogo. Alitaka amwite jina lake.

Viziwi hawana haja ya yale majina yetu marefu. Wao humpa mtu alama yake, ikawa ndiyo jina. Walipokuwa watoto, Fundi alimpa dada yake alama ya kidole kidogo kugonga meno ya mbele mara mbili, kwa sababu ya mwanya wake. Jina likaenea. Viziwi wote wa mji walimjua kwa mwanya. Baada ya msiba Fundi akalifuta. Wakimtaja mbele yake anageuza uso, mpaka wenzake nao wakaacha, wakawa wanasema "yule mkalimani mrefu," jina ambalo hata nguzo ya umeme ingeliitikia. Aliyekupa jina akikunyang'anya, hakuna pa kwenda kushtaki.

Kazi ikaanza. Mwiko mwingine wa wakalimani ni kwamba ukitoa sauti ya mtu, unasema "mimi," kana kwamba ni wewe. Siku ya kwanza Fundi alibanwa, na Mkalimani akasimama katikati ya uwanja wa ndege akatangaza kwa sauti, "Nimebanwa, choo kiko wapi?" Watu wanne wakamshika mkono yeye wakamwonyesha njia. Fundi akaenda mwenyewe, akapotea, akajisaidia ng'ambo ya ng'ambo, kwenye ofisi ya mwenye jengo, ambako kulikuwa na choo kizuri zaidi.

Halafu mpiga kamera akawa anamsogelea mno. Fundi anaongea kwa mikono, kamera imemjaa usoni, mikono imebaki nje. Walipomwonyesha picha, akatazama mpaka mwisho, kisha akamwelekea mpiga kamera.

"Umenikata ulimi," akasema Mkalimani. "Yule kaka akiongea, na yeye unampiga picha magoti?"

Mpiga kamera akarudi nyuma hatua kadhaa, akagonga theluji, ikadondoka.

Bi Uwakilishi alifurahishwa na kila kitu. Alimwita Fundi "ndugu yetu mwenye changamoto ya usikivu," na Fundi akajibu, kwa kinywa cha Mkalimani, "Kiziwi. Ni neno fupi, na leo kazi ni nyingi." Wakati wa chai aliketi na Mkalimani, akashusha sauti.

"Unajua, tulitafuta ndugu waliokosana kweli, watusaidie kwenye utafiti," akasema. "Tumewakosa. Watu hawako tayari kufunguka."

"Pole sana," akasema Mkalimani.

Na kwa kuwa Fundi alikuwa ng'ambo ya meza, akamtafsiria mazungumzo yale yote, pamoja na ile pole. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Hakuacha kitu. Simu ikilia chumbani, alimwambia kiziwi kuna simu inalia. Mtu akikohoa, alitafsiri kikohozi. Kwenye harusi moja aliwatafsiria viziwi mnong'ono wa shangazi mtu kuhusu gauni la bibi harusi, na hakuitwa tena na familia ile. Wenzake walimwambia amezidi. Alijua amezidi. Fundi akasoma ile pole mikononi mwa dada yake, akaendelea kutafuna mkate.

Ikafika siku ya hospitali.

Kwenye maandishi, daktari anatoka chumbani, anawaambia kaka na dada kwamba baba hatafika jioni. Kaka analia, dada analia. Kiziwi amesimama pembeni. Anawatazama, naye machozi yanamtoka. Halafu ile ya kuunganisha mikono.

Fundi akanyoosha kidole juu.

"Nina swali," akasema Mkalimani.

Dairekta, mwanamume mwembamba aliyekuwa akila karanga muda wote, akamtazama Mkalimani, akakumbuka, akamtazama Fundi. "Uliza."

"Nani aliniambia?"

"Alikuambia nini?"

"Kwamba baba anakufa. Daktari kawaambia hawa, hawa wakalia. Mimi pia nalia. Nani aliniambia?"

"Hujaambiwa," akasema Dairekta kwa upole. "Unahisi. Ni damu. Damu nzito kuliko maji."

Fundi akalifikiria hilo. "Mimi nikiona watu wawili wanalia kwenye korido, najua wanalia tu. Pengine wameibiwa begi. Sitalia kwa ajili ya begi la mtu."

Mafundi wa taa wakacheka. Kaka wa filamu, ambaye alikuwa staa na hakupenda vicheko vinavyoenda kwa wengine, akacheka nusu. Bi Uwakilishi alikuwa ameshasimama.

"Hoja nzito hiyo," akasema. "Sisi tuko hapa kujifunza. Kwa uzoefu wako wewe, ingekuwaje?"

Mikono ya Fundi ikaanza. Mkalimani akaanza naye.

"Ningemuuliza dada yangu. Nyumbani ni yeye peke yake anayeijua lugha yangu. Na dada yangu angenidanganya."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti ileile ya kuulizia choo. Hiyo ndiyo kazi. Lakini bega halikuwa kazini, likaegemea ukuta wa kijani, rangi ikalishika.

"Angeniambia anaendelea vizuri," Mkalimani akaendelea, "nenda kazini, jioni utamkuta. Angetabasamu. Angekuwa amebana chupa ya chai kwapani, maana mikono inahitajika kwa kusema. Ningeenda kazini. Jioni ningerudi nikakuta kitanda hakina mtu na godoro limekunjwa. Godoro ndilo lingeniambia."

Dairekta alikuwa ameacha kutafuna.

"Godoro," akasema taratibu. "Godoro hilo nalitaka."

Na yote yalikuwa kweli. Siku ile mama amelazwa, daktari alitoka akasema na mjomba na Mkalimani. Mjomba, mtu wa kukata maneno, akasema huyu kijana asiambiwe, atafanya fujo wodini, na ndiyo kwanza amepata kazi karakana ya makochi, mwacheni aende. "Wewe ndiye unayejua mambo yake ya mikono. Mwambie mama yuko vizuri." Na yeye akamwambia. Waswahili wana msemo, mficha maradhi kifo kitamuumbua, na kifo hakikuchelewa. Mjomba baadaye alisema hakumbuki kabisa kusema hivyo. Wajomba ndivyo walivyo. Lakini Fundi hakuwa na shida na mjomba. Mjomba hajawahi kumwambia neno lolote maishani, la kweli wala la uongo. Aliyekuwa na lugha yake ndiye aliyeitumia kumfukuza kitandani kwa mama yake.

Chupa ya chai kwapani Mkalimani alikuwa ameisahau. Aliikumbuka pale pale alipojisikia akiisema.

Dairekta hakulala, au alidai hakulala, na asubuhi yake wakaletewa kurasa mpya. Kiziwi sasa alikuwa na ugomvi, tena mkubwa kuliko wa wote. Staa akahesabu maneno yake, akakuta yamepungua, akaenda kukaa karibu na theluji. Bi Uwakilishi alikuwa na machozi. "Huu ndio uwakilishi," akasema. "Kiziwi naye ana haki ya kutosamehe."

Kilichobaki ni Dada wa Filamu kujifunza ule uongo.

Alikuwa mwigizaji mzuri, mwepesi wa kushika mambo, na asiye na maringo. Mkalimani akapewa kazi ya kumfundisha. Wakaketi kwenye lile kochi bovu, akamfundisha alama ya baba, alama ya vizuri, alama ya kazi, alama ya jioni. Ikifika hapa mkono unashuka. Hapa unatabasamu. "Nitabasamu kiasi gani?" akauliza Dada wa Filamu. Mkalimani akamwonyesha kiasi. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya ikamchosha kama ile, na aliwahi kutafsiri mkutano wa wapangaji na mwenye nyumba.

Wakaingia koridoni. Dada wa Filamu akabana chupa kwapani, akasimama mbele ya Fundi, akasema kwa mikono kwamba baba anaendelea vizuri, nenda kazini, jioni utamkuta.

"Sivyo," akasema Mkalimani kwa niaba ya Fundi.

Wakarudia.

"Sivyo. Anaonekana mwongo."

"Lakini ni mwongo," akasema Dairekta.

"Dada hakuonekana mwongo. Angeonekana mwongo nisingeenda."

Wakarudia, wakarudia tena. Mara mkono ulikuwa mzito, mara tabasamu lilikuja mapema. Taa zilichoma, daktari wa filamu akasinzia kwenye kiti cha magurudumu. Fundi hakukasirika, na hilo lilimshangaza kila aliyewahi kumpelekea kochi. Alisahihisha kwa utaratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayetaka kitu kile kikae sawa ili watu wote wakione. Mkalimani aliona kwamba mdogo wake anakitaka kipande hiki. Miaka yote hakuwa na mtu anayesikia wa kumsimulia akaelewa, na sasa ameletewa taa na kamera.

Mwishowe Dairekta akasugua macho. "Mkalimani, hebu simama wewe hapo. Umwonyeshe."

"Mimi siigizi."

"Huigizi. Unaonyesha tu."

Akamtafsiria Fundi hilo pia, pamoja na lile tu. Fundi akapandisha mabega.

Dada wa Filamu akampa chupa. Ilikuwa imejaa chai ya wafanyakazi, ya moto. Mkalimani akaibana kwapani, na joto likampenya mbavuni, likamrudisha pale pale, kwenye korido ile nyingine yenye harufu ya dawa, mjomba nyuma yake anajikohoza. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele akimtazama usoni. Miaka saba hakumtazama hivyo. Alikuwa anangojea kuambiwa.

Mikono ya Mkalimani ikapanda. Alijua kinachotakiwa. Uongo ule alikuwa ameufundisha toka asubuhi, angeweza kuufanya amefumba macho. Akiufanya vizuri, kipande kitapatikana, na mdogo wake atapata alichokitaka. Lakini itakuwa amemdanganya mara ya pili, kwa mikono ileile, na safari hii hakuna mjomba wa kusingizia.

"Mama anakufa," akamwambia. "Daktari amesema hatafika jioni. Usiende kazini. Njoo ukae naye, umshike, anakuulizia. Na mimi naogopa. Usiniache peke yangu na mjomba."

Aliposhusha mikono, chupa ilimponyoka kwapani. Haikuvunjika. Ikabingirika mpaka kwenye miguu ya daktari, ambaye aliamka na kuuliza kama ni zamu yake.

"Imekaa vizuri hiyo," akasema Dairekta. "Mbona ndefu?"

"Samahani," akasema Dada wa Filamu, aliyekuwa amefuatilia kwa makini. "Ile ya kwanza si baba. Ile ni mama. Nimefundishwa zote mbili leo."

Dairekta akageuka. "Fundi, ndivyo dada alivyokuambia?"

Swali lilikuwa la Fundi, na Fundi hasikii, kwa hiyo Mkalimani ikabidi amwulize mwenyewe. Akauliza. Je, ndivyo dada alivyokuambia?

Fundi aliitazama ile mikono, si uso. Kisha akajibu, na Mkalimani akatoa sauti.

"Hapana. Sivyo alivyoniambia."

"Basi arudie," akasema Dairekta.

Fundi akainua kiganja.

"Asirudie. Ningeambiwa hivi, nisingeenda kazini. Ningekaa na mama. Na..."

Mkalimani akanyamaza. Mdogo wake alikuwa ameinua kidole kidogo, akagonga meno yake ya mbele mara mbili, kisha akaendelea na sentensi mpaka mwisho. Lakini Mkalimani hakuweza kuendelea. Alikuwa na maneno ya kila kitu, ya kikohozi, ya simu, ya gauni la bibi harusi, na hili moja hakuwa na neno lake. Tangu litungwe halijawahi kutamkwa kwa mdomo.

"Na nani?" akauliza Bi Uwakilishi.

Mkalimani akamtafsiria swali. Na nani? Fundi akamtazama kwa uso wa mtu anayeulizwa jina la baba yake na baba yake mwenyewe. Akajibu.

"Na dada yangu," akasema Mkalimani. "Dada yangu asingeogopa peke yake." Akaimalizia kazi yake. "Dada yangu ni huyu anayewasemesha."

Watu wakageuka kutazama nyuma yake, kumtafuta. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta wa kijani. Ndipo wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakamtazama Mkalimani, wakamtazama Fundi, wakaona paji la uso ni lile lile.

"Yaani," akasema Bi Uwakilishi, "yaani ninyi ni ndugu? Wa kukosana kweli? Na sisi tulitafuta kila mahali!"

Fundi akasema jambo fupi.

"Mama, funga mdomo kidogo," akatafsiri Mkalimani, "hapa mtu anafiwa."

Bi Uwakilishi akaufunga. Baadaye alikiri kwamba hajawahi kuambiwa funga mdomo kwa heshima namna ile.

Fundi akaenda akaokota chupa, akaipangusa kwa shati. Hakumpa Mkalimani. Aliibana kwapani mwake, akamshika Dada wa Filamu bega, akamsimamisha upande wake mwenyewe, pale anaposimama kiziwi. Kisha akasimama upande wa dada, akasema, na Mkalimani akatoa sauti, "Nitamwonyesha mimi. Nilikuwepo."

Akaufanya ule uongo. Aliufanya wote, mabega, shingo, namna mkono unavyoshuka ukifika jioni. Mkalimani hakuwahi kujiona. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba siku ile alikuwa na uso wa mwongo, uso mgumu. Sasa akauona kwa mdogo wake, jinsi alivyoutunza bila kuupunguza. Ulikuwa uso wa msichana aliyechoka, anayemwonea huruma mtu, anayetabasamu ili asilie. Ulikuwa uso wa kumwamini. Ndiyo maana alienda.

"Anaendelea vizuri," Mkalimani akawa anasema kwa sauti, akimfuata. "Nenda kazini. Jioni utamkuta."

"Nimeelewa," akasema Dada wa Filamu, naye analia kweli, poda inamchuruzika. Safari hii aliweza mara moja tu, na Dairekta akapiga makofi, akasahau karanga zake, zikamwagika.

Waliporuhusiwa kupumzika, msichana wa vipodozi akapita akiwakausha watu. Fundi akaketi kwenye kochi lake bovu, akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko. Akamtafuta dada yake kwa macho katikati ya watu, akagonga meno ya mbele kwa kidole kidogo, mara mbili, akamwambia jambo.

"Kasema nini?" akauliza Bi Uwakilishi.

Mkalimani alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye kochi. Hilo hakumtafsiria mtu.